Nguvu Inayobaki

Shuleni, Njombe
14 Aprili 2024

Mpendwa Mama mkubwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za wenzangu wa bwenini, wanaokula karanga zako kila wiki na hawajui hata sura yako. Baba amemaliza kuezeka lile banda? Mbaazi zinaendeleaje? Huku baridi imeanza. Asubuhi maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mfupa, lakini sote tu wazima.

Nakuandikia wewe badala ya Mama kwa sababu daktari alimkataza kuchoka, nami namjua mdogo wako. Akiishika barua mwenyewe atataka na kuijibu mwenyewe, hata kama moyo unamwenda mbio. Basi msomee wewe, na akijibu uandike vilevile alivyosema. Usinisafishie maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Jaribio la fizikia nimepata thelathini na moja. Mwalimu Herieli hakunichapa, na ingekuwa afadhali angenichapa. Aliniita akaniambia, "Xaveria, wewe unakariri. Tafuta mtu wa nyumbani ambaye hajasoma somo hili, umweleze kwa barua. Akikuelewa, umeelewa. Akikubishia, vizuri zaidi." Nikacheka peke yangu, maana mtu wa kunibishia ninaye. Bila fizikia udaktari nitausikia redioni, na Mama ndiye aliyeniambia nisome nije nimtibu.

Sasa msomee hapa polepole. Tofali likiwa limekaa juu ya meza, wengi tunadhani hakuna nguvu yoyote inayolishika. Siyo kweli. Dunia inalivuta chini, na meza inalisukuma juu, kwa kiasi kilekile. Ukizijumlisha, kwa kuwa zinapingana, inayobaki ni sifuri. Ndiyo maana halisogei. Kutulia kwake ni kwa sababu nguvu zimelingana, siyo kwa sababu hazipo.

Mwambie anijibu. Na wewe Jumapili upige kwa simu ya matroni kama kawaida, nisikie japo sauti zenu.

Mwanao,
Xaveria


Bonga, Babati
5 Mei 2024

Mwanangu Xaveria,

Marahaba, na hao wala karanga waambie marahaba, ila gunia lina mwisho. Sisi hatujambo. Baba yako banda bado, anasema misumari imepanda bei, kumbe ni uvivu wa mvua. Mbaazi ziko kiunoni. Bibi wa jirani, mama yake Abdulsalam, amevunjika mkono kwa kuteleza, amefungwa plasta, sasa anatembea nao mtaa mzima kama mtu aliyeshinda tuzo.

Thelathini na moja! Nilisoma kwa sauti kabla ya kuangalia mbele, nikajuta. Mama yako alivuta blanketi mpaka kidevuni, nikadhani ameumia. Halafu akaniuliza, "Hiyo ni maksi yake au ni namba ya kiatu?" Tulicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimkalishe.

Haya, nayaandika kama alivyosema, umeyataka mwenyewe. "Mwambie huyo mjinga wangu, tofali limetulia kwa sababu ni tofali. Litaenda wapi? Na meza inasukuma kwa mikono gani? Mimi nimelala kitandani tangu Pasaka. Kama kitanda kinanisukuma juu, basi ndiyo maana mgongo unaniuma, na daktari hajui kitu." Hapo akageukia ukutani, akalala.

Anakula kidogo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inapungua. Dawa anakunywa. Mimi nimehamia huku kwenu kwa muda, nalala chumbani kwako, na godoro lako lina shimo.

Soma mwanangu.

Mama mkubwa wako,
Gaudiosa


Shuleni, Njombe
26 Mei 2024

Mpendwa Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye foleni ya uji, nikacheka peke yangu, wakaniona kichaa. Poleni na mama yake Abdulsalam. Godoro lina shimo kwa sababu yako, uliyekuwa unakuja kulala kwangu kila ukigombana na baba mkubwa, Mungu amrehemu.

Kuna habari mbaya kidogo. Kidato cha nne hatutakuja likizo ya Juni. Kuna kambi ya masomo mpaka mitihani ya mwisho ya Novemba. Mwambie Mama taratibu, usimwambie kwa mkupuo.

Na umwambie hivi. Jumamosi tulivuta kamba na kidato cha tatu. Wao kule, sisi huku, na kitambaa chekundu kimefungwa katikati. Kitambaa kilisimama palepale, Mama mkubwa, hakikwenda kwao wala kwetu. Mtu aliyepita nje ya uzio angesema hawa wamesimama tu. Lakini viganja vyangu vimebabuka, na Zawadi wa Maisaka, hapo Babati, amelala kwa maumivu ya mgongo. Tulivuta kwa nguvu zote, wao wakavuta kwa nguvu zote, na kwenye kitambaa ikabaki sifuri. Halafu mmoja wao akateleza, ndipo tukawazoa wote. Mwalimu Herieli akapiga makofi akasema hiyo ndiyo nguvu inayobaki: siyo ile kila mtu aliyoileta, ni ile iliyoizidi nyingine. Hiyo ndiyo inayohamisha kitu.

Na kitanda, ndiyo, kinamsukuma. Mwambie pole kwa mgongo. Lakini kisingemsukuma angekuwa ameshafika ardhini.

Xaveria


Bonga, Babati
23 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usinune. Tulikuwa hospitali. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mapafu, wakamchoma sindano ya kuyatoa, sasa amerudi nyumbani na amekonda usoni. Daktari anasema moyo umetanuka. Nikamwambia huyu moyo wake ulikuwa mkubwa siku zote, hakucheka, vijana hawa wa siku hizi.

La kambi nilimwambia taratibu kama ulivyotaka. Baadaye alimwita Baba yako, akamwambia apeleke ile sufuria yako kubwa kwa fundi ikazibwe, uikute Desemba iko sawa. Ilikuwa imetoboka tangu mwaka juzi na hakuna aliyeijali.

Barua ya kamba nilimsomea mara mbili. Ya pili aliitaka mwenyewe. Akawa anatazama mizani ya Theodori, maana siku hiyo Theodori wa dukani alikuja kununua mahindi, akaitundika pale kwenye boriti ya juu ya mlango, na gunia likawa linaning'inia bila kucheza. Mama yako akaninyooshea kidole. "Gunia linavuta chini, ile springi inavuta juu, ndiyo maana limetulia. Haya, mwambie hilo nimempa. La vitu vilivyotulia nimempa. Ila asivimbe kichwa, kichwa chenyewe kikubwa kama cha baba yake."

Hivyo ndivyo alivyokubali. Nimeandika na tusi, usiseme nimekuficha.

Gaudiosa


Shuleni, Njombe
21 Julai 2024

Mpendwa Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumatano. Nilipofika kwenye mapafu nikaikunja, nikaikunjua tena, nikaisoma. Nimemwomba matroni nipige mimi, akasema muda wa kambi simu zinaingia tu, hazitoki. Jumapili iliyopita uliongea wewe peke yako, ukasema Mama amelala. Akiwa macho mpe simu hata kama ni kwa kupumua tu.

Mtihani wa majaribio nimepata hamsini na nane. Mwambie hiyo hakuna kiatu chake.

Sasa linakuja lile gumu, na wengi darasani limewashinda. Vitu vilivyotulia amenipa. Lakini kitu kinachokwenda, kikienda njia iliyonyooka kwa mwendo uleule, hakiongezi wala hakipunguzi, nacho pia nguvu inayobaki ni sifuri. Ndiyo. Afikirie mkokoteni wa punda kutoka Bonga kwenda sokoni, pale kwenye lami tambarare. Punda anavuta mbele. Lami na upepo na mhimili vinavuta nyuma. Mwendo ukiwa haubadiliki, zimelingana. Nguvu inayobaki haihitajiki ili kitu kiende. Inahitajika ili mwendo ubadilike.

Najua atakavyosema. Namsikia hapa nilipo.

Xaveria


Bonga, Babati
18 Agosti 2024

Mwanangu Xaveria,

Marahaba. Mbaazi tumeanza kuvuna, Baba yako na mdogo wake Yoakimu ndio wako shambani, mimi siwezi kumwacha mtu. Nyumba inanukia maganda. Paka wako amezaa kwenye kabati la nguo za Jumapili.

Hamsini na nane aliifurahia. Alimwambia kila aliyeingia kumjulia hali, hata padri. Padri akauliza, hamsini na nane ya nini, akamwambia, "Ya nguvu."

Ila la mkokoteni, lo! Umemchokoza mgonjwa. Nilimwekea mito akakaa, akatoa kidole nje ya blanketi. Andika, akaniambia. "Mwambie mimi nimeendesha ule mkokoteni kabla hajazaliwa. Punda akiacha kuvuta, unasimama. Akivuta, unakwenda. Sasa nguvu inayobaki ni sifuri, nani anaupeleka sokoni, malaika? Hilo sikubali. Na asijaribu kunigeuza kwa barua, karatasi haina aibu, inabeba chochote. Aje Desemba. Akae pale jikoni kwenye kigoda chake, anitazame usoni, tubishane ana kwa ana. Mpaka siku hiyo sijakubali, na asije akamtuma mtu akubali kwa niaba yangu."

Baada ya hapo akalala mchana kutwa. Hayo ni maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima, nami nimekuandikia yote.

Hali siwezi kusema ni nzuri. Siwezi kusema ni mbaya. Amesimama palepale.

Gaudiosa


Shuleni, Njombe
8 Septemba 2024

Mpendwa Mama mkubwa,

Shikamoo. Jumapili mbili hujapiga. Matroni anasema labda mtandao, lakini mama yake Zawadi amepiga kutoka hukohuko Maisaka na alisikika vizuri. Nina wasiwasi. Nalisema wazi, nina wasiwasi mpaka chakula hakishuki.

Nimemuuliza Mkuu wa shule kama naweza kuja siku chache. Amesema mzazi akiandika au akipiga simu, ananiruhusu. Basi mwambie Baba apige. Nitapanda basi la alfajiri mpaka Dodoma, kesho yake niko Bonga. Nitasomea hukohuko. Naomba, Mama mkubwa. Mtihani unaweza kunikuta popote.

Na jibu lake la punda hili hapa, limsubiri. Punda akiacha kuvuta, mkokoteni hausimami papo hapo. Unakwenda kidogo, halafu unapunguza, halafu unasimama. Kwa nini? Kwa sababu sasa ile ya kuvuta nyuma haina mpinzani. Hiyo ndiyo nguvu inayobaki, na kazi yake ni kuusimamisha. Kama kusingekuwa na kitu kinachouvuta nyuma, usingesimama kabisa. Punda anapokwenda kwa mwendo wake anailipa tu ile ya nyuma, sawa kwa sawa. Mwambie afumbe macho aikumbuke lami ya pale kwenye kona, ule mwendo wa mkokoteni ukishashika. Ataona.

Sijamgeuza kwa barua. Namwandalia tu. Desemba nakuja, na kigoda nitakikalia.

Apige simu Baba. Tafadhali.

Xaveria


Bonga, Babati
6 Oktoba 2024

Mpendwa binti yetu Xaveria,

Natumaini hujambo na unaendelea vyema na masomo. Sisi huku ni wazima wa afya. Baba yako anakusalimu sana. Mbaazi tumeshauza. Mvua bado.

Samahani kwa kuchelewa, kazi za shamba zilikuwa nyingi, na simu yangu imeharibika. Baba yako ameona usije kwa sasa. Njia ni ndefu na mtihani umekaribia, ni vizuri utulie usome. Utakuja ukimaliza, sote tutakuwepo.

Mama yako anaendelea kupumzika. Lile la mwendo tulilijadili, naye amekubali. Amesema umesema kweli, kitu kinaweza kwenda na nguvu zikawa zimelingana. Amesema umeeleza vizuri sana na anajivunia wewe.

Basi usiwe na wasiwasi wowote. Tunakuombea kila siku.

Ni mimi Mama mkubwa wako,
Gaudiosa


Shuleni, Njombe
27 Oktoba 2024

Mpendwa Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nimefurahi kwamba amekubali.

Mtihani unaanza tarehe kumi na moja. Nasoma. Nakula. Mwambie Baba nimetulia.

Wewe jiangalie, usibebe mizigo peke yako. Ukipata muda lala mchana.

Xaveria


Shuleni, Njombe
29 Novemba 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeweka kalamu chini leo. Barua hii anakuletea Zawadi, yeye anakwenda moja kwa moja hadi Babati. Mimi nitashukia Dodoma kwa mama mdogo Jovita, na sitapanda basi la kuja huko mpaka nipate jibu lako. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, Jovita ataichukua stendi.

Nafanya hivi kwa sababu najua mnavyofanya. Mwaka jana msichana wa hapa alifiwa na baba yake mwezi wa tano. Akaambiwa mwezi wa kumi na moja, stendi, na mabegi mkononi. Shangazi zake walikuwa wamejipanga na kanga wakamdaka, na watu wa mabasi wakasimama kutazama. Mimi sitaki kudakwa.

Mama amekufa. Nimejua tangu siku ile ya barua yako ya Oktoba, usishangae. Uliandika "binti yetu". Wewe hujawahi kuniita binti yetu. Ukaandika kwamba Mama ananisifu, na hakuna tusi hata moja. Mama hajawahi kunipa kitu bila kunitukana kwanza. Halafu ukasema amekubali, na alishasema hatakubali mpaka ana kwa ana, na mtu asikubali kwa niaba yake. Nilisoma pale nikiwa nimesimama kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikaendelea kuanika. Nilianika mashuka ya watu ambao hata sikuwajua.

Sikukuuliza. Ningekuuliza ungelazimika kuchagua, kunidanganya tena au kuniambia, na sikujua kipi kingeniua zaidi. Na nilijua kwamba yeye ndiye aliyetaka nifanye mtihani. Basi nikavuta upande wangu na wewe ukavuta wako, na tukasimama. Walimu walisema Xaveria amekuwa mtulivu siku hizi. Utulivu! Wangeviona viganja vyangu.

Nimekasirika. Nataka ujue hilo kabla hujanikumbatia. Mlimzika mama yangu nikiwa nafundishwa mizani. Nilikuomba simu moja, na mlikuwa na simu.

Fizikia nimefanya vizuri, nadhani. Kulikuwa na swali la kitu kinachokwenda kwa mwendo usiobadilika. Nilijibu bila kufikiri, halafu nikaweka kalamu, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Niambie lini. Niambie kama alinitaka. Niambie kama aliisikia ile ya punda. Na usinisafishie maneno.

Xaveria


Bonga, Babati
2 Desemba 2024

Xaveria, mwanangu,

Zawadi alikuja jana baada ya misa akanipa barua akakimbia, hakutaka hata maji. Nimelia mpaka Baba yako akaniletea kiti nje. Nimempa naye akasoma. Ameingia shambani tangu asubuhi na hakuna kitu cha kufanya shambani.

Kasirika. Nikumbatie ukiwa umekasirika, nitavumilia.

Alifariki Ijumaa, tarehe ishirini Septemba, saa nne asubuhi. Nilikuwa namlisha uji. Alisema, "Huu una chumvi au una sukari?" nikasema sukari, akasema, "Basi umesahau," akaegemea mto, na sikumsikia tena. Sikuelewa mara moja. Niliongeza sukari.

Alikutaka. Alikutaja kila siku, nami nisikufiche hilo. Lakini wiki ile ya mwisho alituita mimi na Baba yako akatushika mikono, akasema, "Asiitwe. Akija atalia, akilia atafeli, akifeli nitakuwa nimekufa bure. Asiambiwe mpaka amalize kuandika." Baba yako aliapa. Mimi nilibisha. Nilimwambia, Valeria, huyu mtoto ana haki ya kukuona. Akaniambia, "Ana haki ya kuwa daktari. Mimi ameshaniona." Nikaapa na mimi. Barua yako ya kuomba kuja ilikuwa bado njiani. Baada ya hapo, kila nikishika simu nikupigie, nasikia kiapo. Nikiiweka, nakuona wewe kwenye foleni ya uji ukisubiri. Nilisimama hapo katikati miezi miwili na nimezeeka, utaniona. Simu haikuharibika. Tangu alipozidiwa mwishoni mwa Agosti niliogopa sauti yangu.

Ile ya punda hakuisikia. Ilifika Jumamosi, watu wameshajaa uani, turubai limefungwa, wanawake wanachambua mchele. Nilikwenda nayo nyuma ya banda nikaisoma nikiwa nimekaa kwenye maganda ya mbaazi. Sikuielewa vizuri. Niliona tu mkokoteni wake, na kona ya lami, na wewe unasema ataona.

Tulimzika Jumapili, pale juu kidogo ya mchungwa, ukitoka jikoni unamwona. Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia mtu. Waliposhusha jeneza, Baba yako na Yoakimu walishika kamba upande mmoja, Theodori na Abdulsalam upande wa pili. Mimi nilikuwa karibu kabisa, walikuwa wamenishika. Nikatarajia wataliachia lishuke. Hawakuliachia, mwanangu. Walikuwa wanavuta. Niliona mishipa ya mikono ya Baba yako imesimama, na Abdulsalam ameuma meno. Walikuwa wanavuta kwenda juu kwa nguvu zao zote, na bado lilikuwa linakwenda chini. Polepole, mwendo uleule, haliharakishi, halisiti. Nikasema moyoni, kumbe. Kumbe mtoto alisema kweli. Zimelingana, na bado anakwenda.

Ndiyo maana niliandika vile. Sikuwa natafuta uongo wa kukutuliza, ule mwingine wote ulikuwa wa kukutuliza, lakini huo hapana. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba nimeelewa, na jina langu kwenye mabishano yenu halikuwepo. Nikaweka lake. Alikataza, nami nikafanya.

Basi ukishaisoma hii, panda basi la kesho yake. Usifike stendi. Mwambie kondakta akushushe Bonga, kwenye njia ya kwetu, nitakuwa pale peke yangu, bila kanga ya kudaka mtu. Nimewakataza wote. Sufuria yako imezibwa. Kigoda chako kiko jikoni, na chake kiko mkabala, sijaruhusu mtu akikalie.

Na lile la mwendo niliandike upya sasa, kama lilivyo, lisibaki na uongo ndani yake. Niliyekubali ni mimi. Mama yako hakukubali, Xaveria. Amekufa bado anakubishia.

Gaudiosa